Sauti Niliyoikata kwenye Wimbo wa Krismasi

Siku yangu ya kwanza redioni, Chefe, mkuu wa kituo, alinipa spika za masikioni zilizoshikiliwa na gundi na kuniambia nisikilize nyimbo za Krismasi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Ufundi wa sauti nilijifunza mwenyewe, kwa video za kwenye simu zilizokatika kila mtandao ulipoanguka, na nilikuwa naogopa kwamba siku hiyohiyo wangegundua sijui kitu.

"Mimi Mwislamu, Chefe. Nyimbo hizi sizijui."

"Ndiyo maana nakupa wewe. Wanaozijua wanagombana ipi ipigwe kwanza."

Kituo kilikuwa chumba kimoja hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji: kompyuta, mikrofoni mbili, moja mbovu, na mesa, yaani kile kibao cha vitufe vya kupandisha na kushusha sauti. Kazi yangu ilikuwa kuhariri. Nilikata vikohozi, nikapunguza mvumo wa upepo, nikasawazisha kwaya ili besi zisiwameze kina mama. Kila rekodi niliirudia mara ishirini, thelathini. Chefe akipita mlangoni ananitania: "Calma, menina, tulia binti. Huyo mgonjwa kashapona, mruhusu aende kwao."

Nilichojifunza mapema ni kwamba wasikilizaji hawaombi wimbo, wanaomba rekodi. Wimbo mmoja wa kuzaliwa kwa Yesu tulikuwa nao wa kwaya tatu. Wa kwanza ulirekodiwa mjini Pemba, hukuhuku Msumbiji, kwa kinanda, safi kabisa, na hakuna aliyewahi kuuomba. Wa pili ulikuwa wa watoto wa shule, ukapendwa kwa sababu katikati mtoto mmoja anacheka na mwalimu anamwambia nyamaza. Lakini uliokuwa unasubiriwa mwaka mzima ni ule wa kwaya ya Mbau, kijiji cha bara, ulionaswa kwa simu kanisani, mvua ikipiga mabati. Watu wa bara waliohamia huku pwani walipiga simu: "Tuwekeeni ile ya mzee."

Mzee huyo alikuwa katekista wao. Kabla ya kila mstari aliutaja kwanza, harakaharaka, kisha kwaya ikauimba. Mimi nilidhani anaharibu. Sauti yake ilipanda juu ya mwisho wa mstari uliotangulia, na kitu kama hicho kinaniwasha kama upupu. Sikujua kwamba ndivyo wanavyoimba: vitabu havikuwepo, kwa hiyo mtu mmoja hutaja maneno, na yeyote aliyeingia kanisani, hata mgeni, anaweza kuimba na wenzake. Ningeuliza ningeambiwa. Niliona aibu kuuliza.

Mwaka wangu wa nne nikamtoa. Ilinichukua siku tatu. Nilikata kila neno lake, nikaunganisha mistari pasionekane mshono. Kompyuta ilikuwa imejaa, nikafuta ile rekodi ya awali yenye sauti yake. Nakiri kwamba nilijivunia.

Wiki ya Krismasi tukarusha toleo langu. Simu hazikukoma: "Mzee kaenda wapi?" Kesho yake akaja Mama Verónica kutoka Quitunda, kijiji walikohamia wengi wa watu hao wa bara. Alikuwa mjane wa yule katekista, aliyefariki miezi michache nyuma.

"Mwanangu, nilikuwa nangoja Natal, Krismasi hii, nimsikie," alisema. "Kwangu sina hata picha yake. Mmemweka wapi?"

"Nilimkata, mama. Nilidhani ni kosa."

"Kosa," alirudia. "Maisha yangu yote ya ndoa nimeimba nyuma ya hilo kosa."

Chefe hakunigombeza. Alisema tu, "Katafute." Heri angenitukana.

Nilizunguka Quitunda, zile nyumba za bloko za saruji zinazofanana, mlango kwa mlango, nikiwaomba watu wafungue simu zao. Simu zilikuwa zimepotea, kadi zimefutwa. "Sisi tulikuwa tunaisikia kwenu," waliniambia, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Asubuhi ya mkesha wa Krismasi nikampata mwendesha pikipiki mmoja aliyeifanya toque, mlio wa simu yake. "Mke wangu akipiga, huyo mzee ndiye anayeniita," alisema akicheka. Alikuwa amebakiza mstari wa kwanza tu, pale mzee anapoutaja. Mingine hakuwa nayo.

Niliacha kazi Januari. Chefe alinisihi nibaki. Nikamwambia mama yangu anahitaji msaada dukani, na ni kweli, ila sababu haikuwa hiyo. Nina miaka ishirini na saba na nazungumza kama mstaafu. Vijana wanaoanza kazi hii nawaambia waweke rekodi ya kwanza kama ilivyo, kabla ya kuigusa. Nawaambia waulize, hata wakionekana wajinga. Hayo ni rahisi kusema. Yaliyotokea mkesha ule sijamsimulia mtu.

Mama Verónica alikaa kwenye kiti changu kituoni, tukiwa wawili tu, nikampigia ule mstari. Sauti ya mumewe ikataja maneno, mvua ikiwa nyuma yake, ikakatika. Papo hapo, bila kufikiri, yeye akauimba mstari wote, polepole, mikono ikiwa mapajani. Alipomaliza akainua uso kuelekea spika, akavuta pumzi ya kuanza tena, akangoja atajiwe wa pili.