Kwa Masikitiko Makubwa

Kila akimaliza kuandika taarifa kwa vyombo vya habari, afisa habari wa ofisi ya maji huvua miwani, hufuta vidole kwenye suruali kama mtu aliyetoka kula, kisha humpigia simu mama yake kule Munanila. "Mwakeye, mama," humsalimu kwa Kiha, halafu humsomea polepole kama anayesoma somo kanisani. Odilia, katibu muhtasi wa meza ya pili, amejiuliza siku nyingi mama mkulima anahusika vipi na maji ya Kasulu.

Taarifa ya leo ilikuwa ya maji kukatika. Ilianza, "Kwa masikitiko makubwa," likafuata jina la mkurugenzi na vyeo vyake vyote. Kabla hajayafikia maji, mama akamkatiza kwa sauti iliyosikika chumba kizima: "Pole, mwanangu. Anazikwa lini?"

Afisa hakucheka. Akafuta kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, akaandika upya: "Maji yatakatika Kasulu kesho asubuhi. Tekeni leo."

"Na mkurugenzi?" Odilia akauliza.

"Bado yu hai," akajibu, akimshusha taratibu hadi mstari wa mwisho.