Ushuru wa Kaimati Sokoni Matinyani

Mwaka wa 1951 hapakuwa na mtu sokoni Matinyani asiyemjua Shufaa wa kaimati. Wazazi wake walikuwa watu wa pwani waliohamia Kitui na biashara ya nguo. Yeye alizaliwa huku huku, na Kikamba alikisema kama wenyewe. Mumewe alipofariki alimwachia watoto, Jabiri na wadogo zake, na karai moja. Karai hilo ndilo lililowalea. Kila siku ya soko alikaanga vidonge vya unga, akavitosa katika shira ya sukari yenye iliki, na watu wakamjia mbio.

Mteja wake mkubwa alikuwa mzee Ndululu, mwenyekiti wa baraza la soko. Mzee huyu alipenda kaimati, jamani! Alizila hata meno yakamtoka moja baada ya jingine, na hakukoma. Ila si yeye tu aliyeumia. Watoto wa Matinyani nao walishinda wameshika mashavu, na mganga wa zahanati alikwisha sema wazi kuwa sukari ndiyo adui. Basi siku moja, jino likimpiga misumari, Ndululu akasimama barazani akapitisha ushuru: kila kitu kilichotiwa sukari kilipiwe langoni. Mahindi, viazi vitamu na nzuu, yaani mbaazi, viingie bure.

"Mzee, umeniua," Shufaa alimwambia.

"Si mimi, Mama Jabiri. Ni meno."

Ushuru ule ulimeza faida yote. Na asiyeuza, kibanda chake kilipewa mwingine. Wenye kukimezea mate walikuwa wengi. Shufaa alilia, tena alilia kweli, kisha akafuta machozi kwa upindo wa leso akaanza kufikiri. Mama yake alipenda kupika mbaazi za nazi. Ukambani nzuu zilijaa kila ghala, na nduguye Abdallah, utingo wa lori la Mombasa, angemletea nazi. Shida iko wapi?

Shida aliiona siku ya soko. Watu walinusa sufuria, wakatabasamu, wakapita. Hadi jua la utosi hakuuza hata bakuli. Ndila, jirani yake muuza vyungu, akashindwa kuvumilia.

"Aiya, Mama Jabiri! Hii nzuu peke yake ni nini? Mahindi iko wapi?"

"Kwetu tunakula hivi hivi."

"Kwenu ni wapi? Si umezaliwa hapa Kitui? Nzuu bila mahindi, hiyo si chakula. Hakuna mtu atatoa pesa."

Shufaa akajipiga kofi la paji. Muthokoi, mahindi yaliyokobolewa kwa kinu na kupikwa na nzuu, alikula kwa majirani tangu utotoni, lakini mbele ya jiko alikuwa amesimama kama mama yake. Alicheka mpaka Ndila naye akaangua kicheko.

Soko lililofuata alileta muthokoi wa nzuu uliotiwa tui zito. Kabla ya adhuhuri sufuria ilikuwa tupu, na akina mama walirudi na mabakuli wakidai ya watoto. Kibanda kilipona. Mzee Ndululu alikula kwa ufizi, akasifu, akalamba kijiko. Hata hivyo hakuondoka.

"Mama Jabiri," alinong'ona, "na ile kaimati?"

"Nikiileta inalipiwa langoni, mzee. Ukiitaka, lipa wewe."

Siku ya soko iliyofuata mwenyekiti alionekana langoni mapema, kofia mkononi, akimngoja Shufaa na bakuli lake lililofunikwa. Mtoza ushuru alidhani anataniwa. Ndululu akalipa mbele ya watu wote, nao wakapiga vigelegele. Na tangu siku hiyo sokoni Matinyani aliyelipa ushuru wa kaimati alikuwa yeye tu, tena mwenye meno mawili.