Siku Niliyosema Namhusudu Felista

Waliokuwapo uani kwa Bi Time Jumamosi ile ya kuamkia Pasaka ni hawa, na ntawataja wote kwanza usije ukapotea. Alikuwapo Bi Time mwenyewe, jirani yetu Mwislamu, asili yake Tumbatu, ambaye nyumba yake pale Kajificheni ilipakana na yetu ukuta kwa ukuta. Alikuwapo bibi yangu mzaa mama, Bi Agnesi, aliyekuwa akifua na kupiga pasi vitambaa vya altare. Alikuwapo Felista, mtoto wa mjomba wangu, aliyeletwa kwetu mjini kutoka Bububu baada ya mama yake kufariki. Na mimi Yustina, umri wangu miaka kumi na moja. Mwalimu Damiani aliyetufundisha dini alipita mlangoni tu kuangalia maua, hakukaa, lakini naye mhesabu, maana neno lake ndilo lililoanzisha mambo yote.

Haya yamenirudia kwa sababu ya mjukuu wangu, ambaye sasa yumo katika mafundisho ya kipaimara. Juzi kaja na daftari lake, kaniuliza, "Bibi, kumhusudu mtu ni dhambi ama si dhambi?" Nikacheka mpaka miwani ikaniponyoka. Nikamwambia, "Inategemea unamwambia nani." Akadhani namfanyia mzaha. Basi nikakaa, nikaona bora niandike.

Bi Time alikuwa na miasumini minne uani, imetambaa mpaka juu ya paa la jiko. Alasiri maua yakiwa bado vitumba, meupe, yamefumba kama kucha za mtoto mchanga, tulikuwa tukiyachuma na kuyatia katika bakuli la maji. Kisha tunayatunga kwa sindano na uzi, kimoja baada ya kimoja, mpaka linakuwa koja. Wanawake wa mjini walikuja kwake kuchukua makoja ya harusi na ya nywele. Lakini kila Pasaka alitupa sisi ya kanisani bila ya kuulizwa. Mtu akimshangaa, yeye husema, "Maua hayajui mlango wa nani."

Miaka mitatu mfululizo koja la kuvisha msalaba wa altare nilitunga mimi. Na nilijua kulisema! Kisimani nilisema, darasani nilisema, hata kwa muuza samaki aliyekuwa hana habari na Pasaka yetu nilimwambia, "Msalaba navisha mimi." Bibi alinisikia siku moja akaniambia, "Mwanangu, we unauvisha msalaba au unajivisha mwenyewe?" Halikuniingia.

Felista alipokuja alikuwa hajawahi kushika sindano ya maua. Wiki moja tu, akajua. Mkono wake ulikuwa mwepesi jamani, vitumba havichubuki, vyote vimetazama upande mmoja, ukilinyanyua koja lake linaning'inia kama limemiminwa. Mimi langu lilikuwa zuri, sikatai, lakini ukiyaweka pamoja unaona. Na Mwalimu Damiani aliona. Aliposimama pale mlangoni Jumamosi ile, akayatazama yote mawili, akasema kwa upole wake, "Mwaka huu la Felista liende msalabani. Lako, Yustina, tutaliweka pale pa kubatizia." Akaenda zake. Bibi na Bi Time wakaendelea na mazungumzo yao. Mimi nilihisi kama mtu kanitilia makaa kifuani.

Asumini haitaki kuachwa wazi. Ukilaza koja bila ya kulifunika, usiku maua yanafumbuka yote, na asubuhi yamekwisha. Kwa hivyo tuliliweka kila koja katika sinia lake, ukumbini kwa Bi Time karibu na mtungi, juu yake kitambaa kibichi. Jua linakaribia kuzama Bi Time akaniita, "Yustina!"

"Bee!"

"Hebu kayarushie maji maua, kisha uyafunike vizuri."

Nikaenda. La kwangu nikalirushia maji. La Felista nikalivuta kitambaa chake, nikakikunja, nikakiweka juu ya la kwangu. Likawa na vitambaa viwili. La mwenzangu likabaki wazi. Nikatoka nikaufunga mlango, nikaenda kula.

Asubuhi la Felista lilikuwa limesinyaa, rangi ya chai. Kwenye kuharakisha, hakuna aliyehesabu vitambaa. Kule kanisani, Bi Time hayupo wa kusema nani alitumwa kufunika, Mwalimu Damiani akamuuliza, "Felista, hukulifunika?" Felista akasema alilifunika, kisha akasema labda hakulifunika, kisha akalia tu. Mwalimu hakumgombeza, ila alisema apumzike na maua mpaka ajifunze kuyatunza. Koja langu likaenda msalabani. Nilikaa mbele, harufu yake inanijia puani kila feni ikigeuka, na watu wananigeukia wakinitabasamia, na zile nyimbo za furaha sikuweza kuimba hata moja.

Tuliporudi nyumbani Felista akamwambia Bibi anataka kurudi Bububu kwa baba yake. Akasema hapa mjini yeye ni wa kuharibu tu. Akafunga nguo zake katika kanga, na mjomba akapelekewa habari aje Jumanne amchukue. Bububu hapakuwa na mtu wa kumwangalia, baba yake alikuwa kazini mchana kutwa. Mimi nilijua vizuri anarudi kukaa peke yake katika nyumba aliyofia mama yake. Na nilijua ni kwa sababu ya nini.

Jumatatu sikula. Kumwambia Bibi niliogopa. Nikaenda kwa Bi Time.

"Shikamoo Bi Time."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso kama umemeza ndimu?"

Nikasema kwa neno lile nililofundishwa darasani, lililokuwa katika orodha ya dhambi, baada ya kiburi. "Bi Time, mimi namhusudu Felista."

Sasa hapa ndipo mambo yalipogeuka. Kwetu sisi wa darasa la dini, kumhusudu mtu ni kumwonea kijicho. Lakini kwa mwanamke wa mjini kama Bi Time, ukisema unamhusudu mtu, maana yake unampenda mpaka basi, unamtukuza, akipita unamtazama. Bi Time akapiga makofi.

"Mashaallah! Hebu sema tena!"

"Namhusudu."

"Kumbe una moyo hivyo, na unajifanya jiwe!" Buibui likatupwa kichwani, ndara zikavaliwa kushoto kulia, huyo anatoka. Mimi nyuma, "Bi Time, ngoja, sivyo!" Wapi! Ananisikia nani?

"Hodi Bi Agnesi! Mwambie huyo mtoto wa Bububu afungue furushi lake, haendi popote. Yustina wako anamhusudu, kanambia kwa mdomo wake!"

Bibi alikuwa na pasi mkononi. "Anamhusudu?" akauliza taratibu, akanitazama. Yeye alilisikia kwa maana ile ya kwetu. Wazee wawili wamesimama na neno moja, huyu anafurahi, huyu anasikitika. Na Felista alikuwa chini, sinia la mchele mapajani, anachagua mawe. Yeye akalichukua la Bi Time.

"Wanihusudu?" akasema. "Mie nilidhani hunipendi. Mie ndiye ninayekuhusudu wewe, Yustina. Nilipoona langu limeharibika nilisema, bora limekwenda la Yustina, lingekwenda la mtu mwengine ningeumia."

Hapo nikavunjika. Nikasema, "Sivyo. Namhusudu vile vibaya. Kitambaa nilikiondoa mimi."

Bi Time akashika kinywa. "Haa!"

Bibi akaiweka pasi juu ya kigae chake. Nilikunja mabega nikingojea kofi, halikuja. Akasema, "Alhamisi tumesomewa, Bwana wetu kitambaa alikifunga kiunoni, akafutia watu miguu. Na wewe kitambaa ukamvua mwenzio, ukajifunika wewe." Mpaka leo sijasikia mahubiri makali kuliko hayo. Kisha akamgeukia Bi Time, na hili sikulitaraji: "Na mimi nisijifanye malaika mbele ya watoto. Bi Time, mimi nimekuonea kijicho miaka saba kwa hiyo miasumini yako."

"Kwa miasumini tu? Si ungesema nikukatie kitawi, mwanamke we!"

"Ndiyo hivyo, sikusema. Kiburi."

Wakacheka wao. Mimi nilibaki nimesimama mbele ya Felista. Nikamwambia, "Nisamehe." Alichagua mawe mawili matatu hivi, kisha akalisogeza sinia, likawa nusu juu yake nusu upande wangu. "Chagua huko kwako," akasema. Nikakaa chini tukachagua. Furushi lilifunguliwa jioni ile.

Kwa Mwalimu Damiani nilikwenda mwenyewe, nikasema mbele ya darasa, na Felista akarudishiwa maua. Pasaka iliyofuata mimi sikutunga. Niliomba nimpokezee. Nikakaa pembeni yake na bakuli, nampa kitumba, anatunga, nampa kingine. Mwanzo kila kimoja kilinichoma. Halafu nikaanza kuutazama ule mkono. Alikuwa akikizungusha kitumba kidogo kwa kidole gumba kabla ya kukidunga, ukitazama haraka huoni. Nikawa nangojea nimwone akikizungusha. Siku gani hasa nilianza kumhusudu kwa maana ya Bi Time, siwezi kukwambia. Neno halikubadilika, mimi ndiye niliyehamia upande wa pili.

Bi Time hayupo, nyumba yake imekuwa ya wageni, na pale palipokuwa na miasumini pana kidimbwi cha kuogelea cha watu wawili. Bibi hayupo, Mwalimu hayupo. Msalaba siku hizi unavishwa maua ya plastiki, hayasinyai. Na Felista tumemzika mwaka jana, baada ya kutunga kanisani mpaka vidole vilipokataa.

Labda wewe unayesoma ulikuwa ukimjua, na umeyasikia haya kwake. Basi kama nimekosea jambo, miasumini ilikuwa mitatu, au mjomba alikuwa aje Jumatano, nisahihishe, mimi mtu mzima na kichwa kimechoka. Lakini najua yeye alivyokuwa akikihadithia kisa hiki. Maisha yake yote aliwaambia watu koja aliliacha wazi yeye mwenyewe, kwa uzembe, na Yustina akalibeba kosa ili yeye asirudi Bububu. Nilimkataza, akacheka, akaendelea. Hapo tu ndipo nakuomba usinisahihishe.