Siku ya Kumwachisha Mwanangu Ziwa

Kitinda mimba wetu alikuwa ametimiza miaka miwili na miezi yake, meno yote ya mbele yameota, anatukana kuku kwa Kihangaza na kwa Kiswahili, na bado ananyonya. Wala hakuwa ananyonya kwa unyonge. Alikuwa akimfuata mama yake kwenye maharage, anamvuta khanga, anamwambia "Kaa!" na mama mtu anakaa chini na jembe lake. Mke wangu akapaka shubiri. Mtoto akaonja, akakunja uso, akaifuta vizuri kwa ncha ya khanga kama mteja anayefuta kiti cha hotelini kabla ya kukaa, kisha akaendelea na shughuli. Akapakwa pilipili. Siku hiyo alikwenda mwenyewe kuleta kikombe cha maji, akaketi nacho kando. Mimi nilicheka mpaka nikafukuzwa ndani.

Kwetu huku Murukulazo mtoto akishindikana namna hiyo hupelekwa kwa bibi yake, akirudi baada ya siku tatu amesahau. Bahati mbaya mama mkwe wangu alikuwa ameteguka mguu, hata kujichotea maji hawezi. Tulipokwenda kumpa pole ndipo ikaamuliwa kwamba mama aondoke badala ya mtoto. Angekwenda kwa dada yake Kanazi siku tatu, na watoto wabaki na, eeh, hapo watu wote wakanigeukia.

"Mimi ni mwalimu," nikasema. "Darasani nina watoto themanini. Nitashindwa na wawili?"

Mama mkwe ni mtu wa heshima, hawezi kumcheka mkwewe usoni. Aliinamia mguu wake akaupapasa kwa muda mrefu sana. Alipoinuka alinipa sharti moja tu: nguo za mama zote zifungiwe sandukuni, kwa sababu mtoto akinusa harufu yake, kazi inaanza upya. Nikasema ndiyo mama, nimesikia. Nilisikia kama wanafunzi wangu wanavyosikia.

Jumamosi alfajiri bodaboda ikaja. Mke wangu alisimama kando ya kitanda cha mtoto akiwa ameshajifunga kitambaa kichwani, haendi wala harudi.

"Baba watoto, huyu ndiye wa mwisho, ujue."

"Najua," nikasema. Tulikuwa tumeshakubaliana wawili wanatosha. "Chumvi huwa unaiweka wapi?"

Akaniangalia, akanionyesha chumvi, akaondoka.

Saa moja na nusu mzee wa nyumba akaamka. Akakagua chumbani, jikoni, chooni, akarudi akanisimamia mbele, mikono nyuma. "Mama?" Nikamwambia amekwenda sokoni. Akakubali, akasubiri. Kwenye uji hakusubiri: alionja akasukuma kikombe. Nilikuwa nimepika uji wa mtama ukatoka na madonge, na dada yake wa miaka sita, ambaye ndiye aliyekuwa mkaguzi wangu siku hiyo, aliutazama ndani ya kikombe kwa huruma.

"Mama huwa anakoroga unga na maji baridi kwanza," akasema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Si umesema wewe ni mwalimu?"

Saa nne kilio kikaanza, na kilikuwa kile cha kujirusha chini, kisigino kinapiga udongo. Nikaimba, nikaruka kama chura, nikampa simu aitafune. Wapi! Basi nikaona nimfunge mgongoni, maana nimeona wanawake wakifanya hivyo na watoto wanalala papo hapo. Nikachukua khanga kwenye kamba nje, nikamfunga, nikazunguka naye uani. Kimya. Akalaza shavu, akavuta pumzi ndefu. Nikamwambia binti yangu, unaona? Kumbe kazi yenyewe ndogo hivi, halafu wanawake wanalalamika.

Kisha nikasikia mkono mdogo unapita kwapani kwangu, unatafuta. Akajikakamua, akateleza upande wa kushoto, akatokea mbele, na kabla sijakaa vizuri ameshanifungua vifungo viwili vya shati. Akaingiza kichwa, akatazama. Akanitazama usoni, akatazama tena kifuani. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu yeyote, hata na mkaguzi wa elimu. Halafu akapiga yowe.

Yowe lile likamleta bibi jirani na jembe mkononi, akidhani nyoka ameingia. Akatukuta: mimi kifua wazi, mtoto ananipiga vibao, khanga inaburuzika.

"Shikamoo bibi," nikasema. Ningesema nini kingine?

"Marahaba. Mwarimu, kwani leo wewe ndiye mama?" Kwake l na r ni ndugu, hawagombani. Akaishika ncha ya khanga, akaisogeza puani, akaguna. "Na hii ni ya nani?"

Ilikuwa ya mke wangu, aliyolala nayo jana yake akaianika bila kuifua, inanukia maziwa kutoka upindo hadi upindo. Sharti lilikuwa moja tu, moja! Nilikuwa nimemfunga mtoto ndani ya kitu kilekile nilichoambiwa nimfiche. Bibi alicheka akakaa chini kabisa, akapangusa macho kwa mkono wenye udongo, akaenda kuifungia sandukuni mwenyewe. Ufunguo akaondoka nao. Hakuniamini tena, na sikumlaumu.

Mtoto alilia hadi karibu na saa saba. Hapo kweli nilitaka kumpigia mama yake simu. Nilikuwa nimeshaishika, kidole kiko kwenye jina lake, nimechoka, na nilimwonea huruma yule mtoto. Binti yangu ndiye aliyeniokoa, tena bila kukusudia: alisema ana njaa. Nikaweka simu chini, nikaanza kumenya ndizi. Namenya vibaya, napoteza nusu ya ndizi kwenye ganda, na utomvu ukanijaa mikononi mpaka vidole vikawa vyeusi na vinanatana. Mtoto akanyamaza kidogo kuangalia. Nikampa ganda. Akalishika, naye vidole vikanata, akavitenganisha, akavibandika tena. Akanionyesha. Nikamwonyesha vyangu.

Tulikaa hivyo muda mrefu, wanaume wawili wenye mikono michafu. Ndizi tatu nikazichoma pembeni ya moto, akala moja na nusu, akalala mapajani mwangu kabla ya kumaliza iliyobaki mkononi. Sikusogea hata mguu ulipokufa ganzi. Alipoamka, jua likiwa limeanza kuinama, aliomba maji. Nikasubiri aulize. Akaenda kufukuza kuku.

Nilijisikia bwana! Kuanzia hapo nilikuwa natunga hotuba: nitamwambia mke wangu hivi, nitamwambia mama mkwe vile, bibi jirani naye nitampa yake.

Ilikaribia saa kumi na mbili niliposikia pikipiki ikizimwa kule chini njiani. Mke wangu alipita kwenye migomba, kwa nyuma, akaja kusimama ukutani mwa jiko asionekane. Gauni lilikuwa limelowa maziwa mbele, mikono ameikunja juu yake.

"Nimeshindwa," akasema. "Yanauma. Nikadhani analia."

Upande wa pili wa jiko mtoto alikuwa anacheka. Dada yake anajifanya mgonjwa, yeye anamtibu kwa ganda la ndizi. Mke wangu akaweka jicho kwenye ufa wa ukuta.

"Ameniita?"

"Asubuhi," nikasema. "Asubuhi alikuita sana."

"Na mchana?"

Hotuba yote ikanitoka kichwani. Hakuondoa jicho ufani. Aliangalia mpaka nikaona machozi yanapita pembeni ya pua, hayafuti.

"Sasa haya nimpe nani?" akasema.

Nilimshika bega. Nikamwambia aingie, basi, anyonyeshe mara moja ya mwisho, mimi nitanyamaza. Akatikisa kichwa. Akafunga khanga vizuri kifuani, akarudi kwa njia ileile ya migomba, taratibu, asiwashtue kuku.

Nikabaki nimeegemea ukuta wa jiko. Pikipiki ikawaka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikawa naomba yule mtoto alie, hata kidogo tu, mama yake amsikie kabla hawajafika barabarani. Hakulia. Alikuwa anamwambia dada yake anywe dawa.