Cheti cha Afya cha Kapteni Lyle

Kaka yangu Lyle Tollefsrud ni rubani wa ndege kubwa. Mimi niko ofisi ya bili za maji hapa Duluth, Marekani, mwaka wa kumi na tisa huu. Anachopata yeye kwa mwaka mmoja, mimi nakipata kwa sita, na wala si siri. Kila Novemba, Sikukuu ya Shukrani ikifika, hata bata mzinga hajakatwa, mume wangu Verne lazima alianzishe.

"Haya shemeji, leo ukae upande wa matajiri. Sisi wa makaratasi tupo huku."

"Wewe Verne, huchoki?" mimi humwambia.

"Nitachokaje na ukata huu?"

Lyle hucheka. Mwaka huu hakucheka. Connie, mkewe, alifariki Machi, na kaka yangu alirudi kazini baada ya wiki moja tu. Watu wakasema, jamani, huyo ndiye mwanaume. Mimi nikasema, mwanaume gani, mbona amekonda hivyo? Suruali ya sare inampwaya kiunoni.

Baada ya kula, Verne alienda kutazama mpira. Tukabaki jikoni, Lyle akifuta sahani ileile moja.

"Unalala?" nikamuuliza.

"Nalala."

"Lyle, usinifanye mjinga."

Akaiweka sahani. "Kwa usiku, saa mbili tu. Siku nyingine tatu."

"Nenda kwa daktari basi! Hela unazo, bima unayo, unangoja nini?"

Akaniangalia utadhani nimemtukana. Marubani hawaendi kwa daktari. Mwenye mafua hunywa chai, mwenye huzuni hunyamaza. Kila miezi sita wanapimwa, na kwenye fomu wanataja kila daktari waliyemwona na sababu yake. Ukiandika huna usingizi kwa ajili ya msiba, cheti cha afya kinaweza kuzuiwa, na bila cheti huruki. Mwenzake mmoja alisema ukweli, akakaa nyumbani mwaka na nusu.

"Wenzangu wote wanajua," akasema. "Tunaambiana wenyewe kwa wenyewe, basi."

"Na abiria je? Watu mia mbili nyuma yako, na wewe hujalala?"

"Sijawahi kukosea, Ardis."

"Sijakuuliza kama umekosea!" Nilipaza sauti mpaka Verne akapunguza televisheni. Nilikuwa na hasira, na hofu pia.

Lyle akakunja kitambaa cha vyombo. Halafu akaniuliza kitu ambacho hajawahi kuniuliza maishani, yeye ambaye ofisi yetu huiita banda la kuku.

"Kule kwenu, mtu akifiwa, akaanza kulia pale mezani, wanamfanya nini?"

"Nani, mimi? Mama alipokufa nililia mbele ya mteja. Bosi akanipa koti langu, akaniambia nenda nyumbani. Nikakaa wiki mbili, nikaongea na mama mmoja mshauri wa palepale kazini."

"Wakaandika kwenye faili lako?"

"Wakaandika."

"Na mshahara?"

"Uliingia kama kawaida. Kwa nini usiingie?"

Lyle akavuta kiti akakaa. "Mimi sijalia," akasema. "Tangu Machi. Naogopa nikianza sitanyamaza, halafu itabidi nieleze." Akaanza palepale, ameshika kitambaa cha vyombo usoni, analia kwa sauti. Verne alikuja mlangoni, akaona, akaenda kuizima televisheni kabisa.

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, Lyle alipiga simu kazini kwake, akasema hayuko sawa, wasimpangie safari. Simu yenyewe ilichukua dakika chache.

Jumatatu nikaomba ruhusa, nikampeleka mimi mwenyewe kwa daktari. Pale mapokezi binti mmoja akamuuliza jina, akasema. Akamuuliza anwani, akasema. Akamuuliza kazi.

Kaka yangu akaitazama mikono yake.

"Nilikuwa rubani," akasema.