Jina la Kaumba Kwenye Skrini

Kaumba aliacha chuo mwaka wa pili, akabaki na ulimi mrefu na ufundi ambao hapa Kamina hakuna wa kuukagua. Zahanati tatu za kandokando ya reli zilitumia mashine zake: kompyuta ndogo inayopima oksijeni ya vichanga na kupiga kengele ikishuka. Kila ikiwashwa, kabla ya lolote, skrini ilitangaza: KAZI YA KAUMBA, FUNDI. Jina hilo alilichomeka ndani kabisa ya kiini cha mfumo, pale ambapo mashine yenyewe haijafumbua macho vizuri.

Jumanne, katika zahanati ya Kamina, umeme ulikatika na kurudi mara nne. Mara ya nne taa ya mashine iliwaka kijani, kengele kimya, na kichanga cha mama mmoja, Tshibola, kikaanza kuwa bluu midomoni. Kwa bahati, muuguzi Lise alikuwa amesimama pale pale, akakiwahi.

"Weye njo ulisema hii mashini hailale," Lise alimwambia Kaumba, taratibu. "Ni kweli. Haikulala. Ilikuwa inatuangalia tu."

Kaumba aliivuta mashine karibu.

Aliizima na kuiwasha mara thelathini. Mara nyingi ilikumbuka kipimo cha oksijeni, kile kifungwacho mguuni mwa mtoto. Mara mbili ilikisahau, na taa ile ile ya kijani. Akachungulia kumbukumbu ya mashine, mahali pa orodha ya vipimo. Katikati ya orodha palikuwa na herufi tatu: UMB.

Alizijua: zilitoka katikati ya jina lake. Jumapili kanisani, mama yake hutandika kitambaa kwenye benchi ndipo atoke kusalimia watu. Asiyetandika hukuta mtu amekaa. Yeye, kwenye mashine, hakutandika. Kiini hakikuambiwa kwamba mahali pale pana mwenyewe, na jina lake, likiwahi kuliko wote, likaenda kukaa mahali pa orodha.

Akaandika mistari miwili: nafasi ya orodha itengwe kwanza, mengine baadaye. Jina akalifuta lote. Akawasha mara mia, akichomoa kipimo kila mara kuijaribu kengele. Kengele ikalia mara mia.

"Na zile zingine?" Lise akauliza.

Kaumba akapiga simu. Zahanati ya Luena walipokea, wakamweka mtu kando ya kitanda. Zahanati ya Bukama simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Lise, aliyekuwa akisoma ujumbe wa dada yake wa kule, alisema umeme wa Bukama ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na umerudi sasa hivi; mashine ya kule imejiwasha upya.