Vijiko Vilivyokwenda Mtoni

Nilianza kugombania vijiko kabla sijaanza kuuogopa mto. Kila baada ya siku chache jikoni kwangu kilipungua kimoja, na si vile vizito tulivyopewa siku ya harusi, bali vile vyepesi vya alumini ambavyo mtu akivikunja kwa vidole vinakunjika. Niliwatuhumu watoto, nikamtuhumu mbwa wa jirani, mpaka nilipokwenda nyuma ya nyumba kumwaga maji nikamkuta mume wangu amekibana kijiko kwenye ubao, anakikata shingo kwa msumeno wa chuma. Hakuona haya hata kidogo. Aliniambia nisogee pembeni nisimzibie mwanga.

Mume wangu ni fundi pikipiki hapa Kirushya, na kichwa chake ni kigumu kuliko vyuma anavyovitengeneza. Safari hii alikuwa anatengeneza chambo. Kijiko kikishakatwa mpini, alikipiga tupa kwenye kingo, akakitoboa kwa msumari, kisha akakigonga taratibu ndani ya kishimo alichokichonga kwenye gogo la mkaratusi mpaka kikapata mbonyeo alioutaka. Alikining'iniza kwa pini kwenye kipande cha spoku ya baiskeli ili kiweze kuzunguka. Chini yake ilikaa ndoano yenye kichwa cha risasi. Risasi hiyo aliiokota gereji, vile vipande vidogo vya kusawazishia tairi za magari, akaiyeyusha ndani ya kopo la maziwa juu ya mkaa na kuimimina kwenye tundu alilolichimba katika tofali la kuchoma. Moshi wake ulinikaa ulimini kama nimelamba sarafu, nikamfukuza na jiko lake hadi migombani. Mwisho alifunga mkia wa nyuzi nyekundu alizozichomoa kwenye mfuko wa vitunguu.

Niseme haki, vilikuwa vizuri. Alivijaribu ndani ya pipa la maji ya mvua, akivivuta kimoja kimoja kwa kijiti. Vingi vilikuwa vimelala, ndivyo alivyosema mwenyewe, maana yake kile kibati kilijiburuta tu bila kuzunguka. Lakini mara mojamoja kimoja kiliamka. Kilizunguka na kuwaka ndani ya maji, hata mimi niliyekuja pale na ugomvi nikasahau nilichotaka kusema. Na kilichoamka hakikupata pacha. Alikata kijiko cha aina ileile, akakigonga katika kishimo kilekile, kikalala. Alijaribu jioni nzima, bado kikalala.

Balaa lilianzia hapo. Chambo cha dukani kikinasa kwenye mizizi, mtu hukata mshipi akaenda zake. Cha kwake hakukikata kamwe. Kilipokamatwa na mafunjo, alivua suruali na kuingia majini kukifuata.

Mimi kwetu ni Runazi, upande wa Biharamulo. Nimekulia kwenye mihogo na maji ya kisima, na kitu kibaya zaidi nilichowahi kukiona kikitoka kisimani ni chura. Nilipoolewa huku, neno la kwanza la Kihangaza alilonifundisha mama mkwe halikuwa salamu. Lilikuwa *ingona*, yaani mamba. Alinishika mkono, akanionyesha sehemu ya Ruvubu iliyozungushiwa vigingi, akanieleza kwa vidole zaidi kuliko maneno kwamba ndoo yangu isitoke nje ya vigingi vile. Baadaye nikajua ni kwa nini mbuzi wa pale hawapelekwi mtoni peke yao, na ni kwa nini jirani mmoja wa kike hakuwahi kuufikia mto tena baada ya kupotelewa na dada yake.

Mume wangu alizaliwa anayajua yote hayo. Nilipomsema, alinijibu kwamba mamba hawapendi mahali penye kelele, siku nyingine kwamba hawapendi maji ya baridi, siku nyingine kwamba yule aliyekuwepo alikwisha hama. Kila siku alikuwa na mamba wa aina yake.

Jumamosi moja nilimfuata. Nilisema nataka kuona, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kumsubiri nyumbani roho ikiwa juu. Alirusha mara chache, akapata kambare mmoja wa kutosha mboga. Kisha mshipi ukakaza, yeye akavuta, haukuja. Alinipa ule mti wake wa kuvulia, akaniambia niukaze vizuri ili aufuate mshipi kwa mkono. Akaingia.

Maji ya pale yana rangi ya chai ya maziwa, mtu akiingia hadi magoti huoni miguu yake. Alikwenda hadi kiunoni, hadi kifuani. Hakukuwa na kelele yoyote. Kwenye tope la ukingo, hatua chache kutoka nilipokuwa nimesimama, niliona mahali palipolainishwa, upana wa mtu aliyelala, pakiteremka hadi majini. Tope lilikuwa bado linang'aa. Mshipi ulitetemeka mkononi mwangu, na sikuweza kujua kama ni yeye anayeugusa au ni kitu kingine. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa hata leba. Nilitaka kumwita nikaogopa na sauti yangu mwenyewe.

Alitoka na chambo mkononi, anacheka, magugu yamemganda shingoni. Nilimwonyesha lile tope. Aliliangalia kwa muda, akavaa suruali, akasema twende nyumbani kambare asije akaharibika.

Habari za vijiko vyake zikaenea. Watu walianza kuja nyumbani kuvitafuta, na mmoja wao alikuwa kijana mwenye mke na mtoto mchanga, wazazi wake walitoka Burundi, analima maharage mashamba ya chini karibu na mto. Mpole, kila akinikuta ananipa shikamoo ingawa hatupishani sana. Mume wangu alimpenda. Alimchagulia kilichoamka vizuri kuliko vyote, akamwonyesha kwenye pipa jinsi kinavyowaka, wakakiinamia wote wawili. Nilikuwa naweka chai mezani aliposema naye.

"Kikinasa, usikate mshipi. Hiki hutakipata kingine. Kifuate."

"Mwambie na habari za mamba," nikasema.

Wakacheka wote. Yule kijana alinishukuru kwa chai.

Habari kwamba yule kijana hakurudi kutoka mtoni zilitufikia asubuhi moja nikiwa nachambua maharage. Wanaume walishuka mtoni na mapanga na kamba, mume wangu akiwa mbele. Walirudi jioni bila mtu. Mume wangu alinieleza kwa sauti ndogo, macho yakiwa chini. Waliukuta mti wa kuvulia umechomekwa kwenye tope ukingoni, na suruali imekunjwa vizuri juu ya jiwe. Mshipi ulikuwa umekaza vilevile, umenyooka hadi kwenye mafunjo, na kijiko kimenasa kule mwisho. Hakuna aliyekubali kuingia kukitoa.

Walizika kipande cha mgomba kilichovishwa shati lake, kwa sababu familia haikuweza kukaa na msiba usio na kaburi. Katekista alisoma sala. Mume wangu alisimama nyuma kabisa ya watu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu sikumsikia akibishana na mtu yeyote.

Nilikwenda kumpa pole mjane. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, mtoto ananyonya. Nilijiandaa kutukanwa, na ningekubali. Badala yake alinisogezea nafasi nikae, akaniuliza kwa upole, kana kwamba ananiuliza namna ya kupika kitu.

"Dada, mumeo anaingia kila mara na anatoka. Huwa anafanyaje?"

Nilizikumbuka zile hadithi zote za kelele na maji ya baridi, nikaona aibu hata kuzifikiria mbele yake.

"Hafanyi chochote," nikamwambia. "Anaingia tu."

Alimhamishia mtoto ziwa la pili, akamfunika kwa kitenge.

"Mume wangu alijua ipo namna," akasema. "Alisema Jumapili angekuja kumuuliza."